Mkeka Tohara

Mkeka wa sebuleni kwa Bi Mwanasaumu ulikuwa na heshima kuliko watu wengi wa Mjambere. Majirani walikanyagwa kwa maneno kila siku ndani ya nyumba ile, lakini mkeka haukukanyagwa na kiatu, wala na mguu uliotoka chooni bila kuoshwa vyema. Ulitandikwa ukuta kwa ukuta, mweupe wenye mistari ya zambarau, na kila Alhamisi baada ya alasiri wanawake wa mtaa waliukalia wakasikiliza darsa. Bi Mwanasaumu mwenyewe hakuwa msomi. Mwalimu alikuwa mwengine, lakini nyumba ilikuwa yake, na hilo hakulisahau wala hakuwaacha wengine walisahau.

"Kwangu ni tohara, najisi haiingii," alipenda kusema. "Mtu aweza kuswali popote, hata jikoni."

Basi Mungu akampa mjukuu, na mjukuu akakojoa.

Hanan alikuwa na miezi mitano, mtoto wa kike mnene na mcheshi, mwenye kucheka hata na pazia. Mamake, Kulthum, alimwona kuwa ndiye jambo jema pekee lililomfika tangu aolewe katika nyumba ile. Bibi yake alimwona kama chupa ya wino isiyo na kifuniko.

"Angekuwa mtoto mume anyonyaye tu, ningenyunyiza maji nikamaliza," Bi Mwanasaumu alimwambia mkaza mwanawe. "Huyu ni mke. Mkojo wake ni wa kufua. Nami mkeka huu nitaufua mara ngapi? Mtie daipa, na daipa isitoke."

Ikawa sheria ya nyumba. Daipa ilivaliwa asubuhi, na kweli haikutoka, kwa sababu bibi yule alipenda tohara lakini hakupenda gharama yake. Nassor, mumewe Kulthum, alizinunua dukani moja moja kama sigara, na mamake ndiye aliyezifungia kabatini. Kulthum akitaka nyengine, mavyaa yake hutia kiganja chini ya matako ya mtoto akapima uzito kama anayechagua papai sokoni.

"Bado. Hii yachukua tena."

"Mama, imejaa. Yanuka."

"Imejaa wapi? Huko kwenu Mtongwe mwafunga watoto matambara, leo wanifunza daipa mimi?"

Kulthum alinyamaza. Alilelewa kunyamaza mbele ya wakubwa, na wakubwa wabaya hawana chakula wakipendacho kama hicho.

Ngozi ilianza kwa wekundu mdogo kwenye mikunjo ya mapaja. Bi Mwanasaumu akaleta poda, akaimwaga kama mtu anayekanda unga wa mahamri. Poda juu ya unyevu hugeuka uji, na uji ule ukakauka ndani ya mikunjo, ukawa unakwaruza kila mtoto alipopiga teke. Wekundu ukapanda. Vikatoka vipele, vipele vikapasuka, na Hanan mcheshi akawa analia kila alipokojoa.

*

Nassor alikuwa karani wa godauni huko Changamwe. Kule makuli walimwita bosi na alijua kukunja uso. Akivuka kizingiti cha mamake, bosi alibaki nje pamoja na viatu.

"Nassor, mtizame mwanao," Kulthum alimwambia jioni moja mezani. "Amechubuka."

"Mama asemaje?"

"Nakwambia umtizame wewe."

"Mimi najua nini mambo ya watoto? Mama kalea sita."

"Ni hayo maziwa yake," Bi Mwanasaumu alidakia, mdomo umejaa. "Ala pilipili huyu. Ala papa mkavu. Maziwa yawa moto, mkojo wawa moto, mtoto aungua. Nani asiyejua?"

Nassor alimega mkate, akachovya mchuzi, akafikiri kwa kadiri alivyoweza. "Basi wacha pilipili, Kulthum."

Kulthum akaacha pilipili. Akaambiwa aache samaki, akaacha. Akaambiwa ndimu, akaacha ndimu. Ikafika hadi akawa anakula wali mkavu na chai, huku mwenye nyumba akila papa kwa pilipili mbele yake na kujilamba vidole. Vipele havikujali habari za mchuzi. Viliendelea kushuka mapajani na kupanda mgongoni, kwani chanzo chao kilikuwa kimefungwa kiunoni mwa mtoto kutwa nzima, na hakuna aliyeruhusiwa kukifungua.

*

Siku ya kumpima mtoto uzito, Kulthum alipata ruhusa ya kwenda zahanati. Nesi aliyekuwa zamu aliitwa Winfred, mtu wa bara, mkono mwepesi na ulimi mkali. Alifungua daipa, akarudisha kichwa nyuma.

"Mama, hii ni nini umefanyia mtoto?"

"Ni vipele, nesi."

"Vipele naona. Na huu unga? Nyinyi mama wa huku mnapenda mtoto anukie. Anukie juu, aoze chini!"

Wanawake kwenye benchi wakacheka, wale wale ambao nao walikuwa na mikebe ya poda ndani ya mikoba yao. Winfred alipata moyo kwa kicheko kile, akapaza sauti.

"Sikiza. Hakuna poda. Hakuna marashi. Mkojo na choo zikikaa kwa ngozi zinachoma, hata wewe zingekuchoma. Osha na maji ya uvuguvugu, usisugue, kausha polepole na kitambaa laini. Hii krimu nyeupe unapaka nene, sio kama unapaka lipstiki. Daipa utoe, akae wazi, apigwe na hewa kila siku. Ukimvalisha usikaze, na ubadilishe ikilowa, usingoje ijae. Ukiona malengelenge, usaha ama homa, unarudi mbio. Umeskia?"

"Nimesikia."

"Huwa mnasema hivyo."

Kulthum alitoka na krimu mkononi na uso unawaka. Kilichomuuma zaidi ni kwamba kila neno lilikuwa la kweli. Poda haikuwa yake, sheria haikuwa yake, na asingeweza kusimama mbele ya benchi lile akasema, ni mavyaa yangu. Mke wa watu hasemi hivyo. Mke wa watu hubeba na uchafu wa nyumba ya watu akauita wake.

Alipofika nyumbani alijifungia chumbani, akatandika kanga sakafuni, akamwosha mtoto, akamkausha, akampaka, akamlaza wazi. Hanan akatulia. Akanyosha miguu, akaitazama, akacheka na vidole vyake. Kulthum akakaa kando yake akilia bila sauti, kwa kuwa dawa ilikuwa rahisi hivyo, na siku zote zile mwanawe aliungua bure.

Mlango ukasukumwa.

"Ewe Kulthum!"

"Abee, mama."

"Mtoto uchi? Ndani ya nyumba yangu?"

"Nesi kasema akae wazi kidogo apate hewa. Kanga hii nitaifua mwenyewe, na hatutatoka chumbani humu."

"Nesi yupi? Yule wa bara? Ajua tohara huyo? Akojoa na kupita!" Bi Mwanasaumu aliinua krimu, akainusa, akakunja pua. "Na huu ushahamu wa nini? Mjukuu wangu apakwe mafuta ya gari?"

Krimu ikaenda zake mfukoni mwa dera lake. Ikaja liwa, mti wa kunukia uliosagwa na kuchanganywa na marashi ya dukani, yale makali ya chupa ndefu, yenye spiriti. Wazee waliopaka watoto wao liwa waliipaka kwenye vipele vya joto, juu ya ngozi nzima, kwa maji matupu. Bi Mwanasaumu aliipaka kwenye nyama mbichi. Mtoto alipiga ukelele uliomtoa jirani ndani kwake, kisha akapotelewa na sauti, mdomo wazi, uso unageuka rangi.

"Waona?" alisema bibi kwa kuridhika. "Dawa yaingia."

Daipa ikarudishwa, ikakazwa. Kulthum alikumbuka mawinda, nepi za nguo alizoletewa na mamake mzazi wakati Hanan alipozaliwa, mafundo mawili ya kanga kuukuu zilizofuliwa mpaka zikawa laini kama pamba. Alidhani angeweza kumvalisha hayo kwa siri, ayabadili kila yalipolowa, bila kuomba ufunguo wa kabati. Alitafuta sandukuni, akatafuta chini ya kitanda. Aliyakuta jikoni. Mavyaa yake alikuwa akiyafutia sufuria za masizi, na moja lilikuwa limefungwa kwenye mti wa fagio la kutolea utando wa buibui.

*

Alhamisi iliyofuata ilikuwa na mgeni. Bi Ummi, mke wa mwenye mabasi, angetoka Mkomani aje kusikiliza darsa Mjambere, na Bi Mwanasaumu alikuwa amewatangazia watu habari hiyo mpaka wengine wakaanza kumkwepa barabarani. Nassor aliamrishwa aombe ruhusa kazini aje kumwamkia. Huko kwenye mabasi kulisemekana kuna nafasi ya meneja, na mama mtu alikwisha kumwona mwanawe kwenye kiti cha kuzunguka.

Hanan alivalishwa gauni la lesi na daipa iliyobanwa mpaka ikaacha alama. Ilikuwa asubuhi. Alasiri ilipofika bado ni ile ile.

"Mama, nipa ufunguo nimbadili," Kulthum alisema. "Mwili wake una moto."

"Ni lesi hiyo. Wageni washafika, beba sinia."

Sebule ilijaa. Mwalimu alikuwa hajafika, na wanawake walikuwa kwenye shughuli wanayoijua zaidi, kutazamana nguo. Mtoto alipitishwa mapajani kama sahani ya halua. Kila aliyempokea alisema mashallah, na kila aliyembana alimliza, naye akampa wa pili. Mwisho akafika kwa Bi Ummi, aliyevaa buibui la nakshi za fedha.

"Ana nini huyu mwana? Mbona alia hivi?"

"Ana deko, mamaangu," Bi Mwanasaumu alijibu, akacheka. "Kapata ya kwa mamake. Watu wa mashamba hawajazoea makundi."

Wakacheka wote. Kicheko kile kilikuwa cha adabu, kidogo kidogo, mkono mdomoni, kicheko cha watu wanaokula cha mtu.

Kulthum alikuwa mlangoni na sinia la mahamri. Aliliweka chini. Alipita katikati yao bila kusema naomba njia, akamchukua mtoto mapajani mwa Bi Ummi, akamlaza katikati ya mkeka, akapandisha gauni la lesi, akafungua daipa.

Harufu ilitangulia. Kisha wakaona. Ngozi ya mapajani haikuwepo, mahali pake palikuwa na nyama nyekundu inayong'aa, na pale ukingo wa daipa ulipokuwa umeganda palitoka utando na tone la damu. Matakoni kulikuwa na malengelenge yaliyopasuka na vidoa vya usaha. Mtu mmoja alisema subhanallah. Mwengine akauma kidole.

Hanan, kwa kuondokewa na ule mzigo, akavuta pumzi ndefu, akarusha miguu, akakojoa.

Hapo ndipo wanawake wa darsa walipofanya jambo ambalo Kulthum hatalisahau mpaka afe. Walikusanya mabuibui yao. Wote kwa pamoja, yule aliyesema subhanallah na yule aliyeuma kidole, walivuta nguo magotini wakajisukuma mpaka ukutani. Macho yao yaliacha kidonda, yakafuata maji. Yalitazama mkojo ukipita mstari wa zambarau wa kwanza, ukiuendea wa pili, na hakukuwa na jicho hata moja lililobaki kwa mtoto.

"Umenivunjia heshima!" Bi Mwanasaumu alisimama. "Mbele za watu! Mkeka wa darsa!"

"Mkeka utafuliwa, mama."

"Najisi! Umeitia nyumba yangu najisi!"

"Najisi ilikuwamo tangu asubuhi," Kulthum alisema, na sauti yake mwenyewe ilimshangaza kwa utulivu wake. "Mwanangu aliikalia, na nyinyi mkampakata mmoja mmoja. Tizameni mapaja yenu."

Bi Ummi alitazama chini. Kwenye nakshi za fedha palikuwa na doa, bichi, la ukubwa wa kiganja. Aliinuka bila kuaga, na wengine wakaanza kuinuka.

Nassor alibisha hodi wakati ule ule, amevaa kanzu safi, amejipaka udi, tayari kwa maamkizi. Wanawake wakajitanda. Aliona wageni wanatafuta viatu, akaona mamake analia, akaona mkewe amepiga magoti na mwanawe amelala wazi katikati ya sebule.

"Nassor! Toa mkeka huu nje haraka! Ufuliwe kabla ya magharibi!"

"Nassor," Kulthum alisema, "njoo umtizame mwanao."

Alisimama kati ya sauti mbili. Si haki kusema alisimama muda mrefu. Aliinama, akashika pembe ya mkeka, akaanza kuukunja, akakunja mpaka akafika penye miguu ya mtoto. Hapo akakwama.

"Mwondoe mtoto basi, Kulthum," alisema. "Nipate kuukunja."

Kulthum akamwondoa. Alimfunga kanga moja isiyokaza, akatwaa buibui lake, akatoka. Hakuchukua sanduku. Nyuma yake alisikia bomba la uani likifunguliwa, na mumewe akiuliza sabuni iko wapi.

*

Kwao Mtongwe, upande wa Likoni, walimpokea bila maswali. Mamake, Nyamvula, alimfunua mtoto, akatazama, akafunga macho kidogo, akasema, "Haya, maji yako motoni." Kesho yake asubuhi zahanati ya huko iliwapa dawa ya homa na ya kuvu, na krimu nyengine nyeupe, na maneno yale yale ya Winfred, ila safari hii yalisemwa kwa sauti ya chini. Kutwa Hanan alilala wazi juu ya kanga kuukuu kibarazani penye kivuli. Akilowesha, kanga hutolewa, mtoto huoshwa kwa maji matupu, hukaushwa, hupakwa, hutandikiwa nyengine. Kamba ya nguo ilijaa mawinda. Moto ulishuka mwilini, na ngozi ikaanza kukauka kutoka pembeni.

Adhuhuri moja Nyamvula alikwisha tawadha, amejifunga leso ya kuswalia, akampakata mjukuu kidogo kumngojea Kulthum amalize kuanika. Mtoto akamkojolea. Nyamvula aliangua kicheko.

"Loo! Kanibariki huyu."

Akamlaza kangani, akajiosha mapaja, akajifunga leso nyengine, akatandika mswala akaswali. Kulthum alimtazama akirukuu na kusujudu. Hasira iliyomshika wakati ule haikuwa ya mkeka wala ya marashi. Ilikuwa ya miezi aliyopoteza akiamini kwamba wale wa Mjambere wanajua dini kuliko mamake.

Simu ililia. Nassor, siku zote hizo, ndiyo kwanza apige.

"Hujambo?"

"Sijambo."

"Mama bado ana hasira." Nyuma yake kulisikika lori likirudi nyuma na makuli wakipigiana kelele. "Yule Bi Ummi hajapokea simu zake. Mkeka tumeufua, lakini rangi imechuja, zambarau yote imeingia kwenye nyeupe. Asema ukirudi upitie Kongowea umtafutie mwengine kama ule."

Kulthum alingoja. Alimwachia nafasi ya swali moja, hata la uongo, hata la kupitia tu.

"Wanisikia?" Nassor akasema. "Kama ule. Si wa plastiki."

"Nassor, kidonda cha mwanao kiko paja gani?"

"Nini?"

"Kiko la kushoto au la kulia? Wewe ndiye babake. Niambia."

"Kulthum, mimi niko kazini..."

"Kulia au kushoto?"

Lori lilizimwa. Makuli walinyamaza, au walikwenda zao.

"Kushoto," alisema mwisho, kwa sauti ya mtu anayebahatisha bei.

Kilikuwa mapaja yote mawili, kikaenda matakoni, kikapanda mgongoni. Aliyepata kumfunua mtoto yule hata mara moja katika maisha yake angejua.

"Basi kitapona," Kulthum alisema, "na hujakiona."